Mkato, Nukta na Kikokotoo cha Buyenzi

Mtaa wa Buyenzi, katika mji wa Bujumbura, ni mtaa ambao njia zake aghalabu hujulikana kwa nambari kuliko kwa majina, hata mgeni anayetafuta nyumba ya mtu huelekezwa njia ya saba au ya kumi na tano, akahesabu makutano, akahesabu na milango, ndipo akabisha hodi. Wazee wetu waliofika hapa zamani mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura, wengine kutoka Ujiji, wengine kutoka Manyema na Uvira, walituachia lugha ya Kiswahili, misikiti, na mazoea ya biashara. Na biashara, popote ilipo, haiendi bila ya hesabu. Mama anayeuza vitenge katika soko la Ruvumera, kabla ya adhana ya Adhuhuri, huenda akawa amekwisha kuulizwa bei kwa faranga za Burundi, kwa faranga za Kongo, kwa shilingi za Tanzania na kwa dola, akazijibu zote bila ya kushika kalamu. Fundi wa magari naye, ambaye kwa wakazi wa mji mzima ndiye anayefahamika kuliko watu wote wa mtaa huu, hununua vipuri kwa fedha moja, akaviuza kwa fedha nyingine, na faida yake yote imo katika tofauti ya hesabu mbili.

Katika duka la fundi mmoja wa namna hiyo, jirani yangu wa miaka mingi, ndimo nilimoliona jambo ninalotaka kulieleza. Mwanawe, kijana aliyemaliza masomo ya sekondari akawa anamsaidia baba yake kuandika daftari la vipuri, alitia azma ya kujifunza kuandika programu za kompyuta, na kazi ya kwanza aliyojipa ikawa ni kikokotoo: programu ndogo ya kupokea nambari mbili, kuuliza kama zijumlishwe, zitolewe, zizidishwe au zigawanywe, kisha kutoa jawabu. Baba yake alimwuliza, kwa haki kabisa, kuna faida gani kuunda kitu ambacho kila simu ya mkononi inacho tayari. Kijana hakuwa na la kujibu siku ile. Mimi nimelipata jawabu baadaye kwa kumtazama akifanya kazi: faida yake ni kwamba jawabu la haki hujulikana tangu mwanzo. Mtu aandikaye programu ya kutabiri mvua hawezi kuyakinisha kama imekosea mpaka msimu upite. Lakini aandikaye kikokotoo, hata mtoto wa darasa la pili aweza kumkosoa papo hapo, na kosa halina mahali pa kujificha. Hivyo ndivyo nilivyodhani, walau, na masimulizi haya yataonyesha kwamba hata mimi nilikuwa na la kujifunza.

Neno kikokotoo huenda likawa geni kwa baadhi ya wasomaji wa Burundi, ambao chombo hiki hukiita kwa jina lake la Kifaransa. Lakini kwa ndugu zetu wa Tanzania lilipata umaarufu mkubwa mwaka 2018, pale kanuni mpya ya kukokotoa mafao ya wastaafu ilipozusha manung'uniko mengi, hata Rais John Magufuli, tarehe 28 Desemba ya mwaka huo, akaagiza isimamishwe mpaka mwaka 2023. Katika mjadala ule watu wengi walitambua kwamba ndani ya kila hesabu kuna kanuni iliyowekwa na mwanadamu, na kwamba kanuni ikibadilika jawabu nalo hubadilika, ijapokuwa mishahara na miaka ya utumishi ni ile ile. Programu ya kompyuta ni kanuni ya namna hiyo hiyo, iliyoandikwa kwa ajili ya mashine.

Niseme wazi programu ni nini. Ni waraka wa amri, uliopangwa mstari baada ya mstari, ambao kompyuta huusoma toka juu kwenda chini na kuutekeleza bila ya kuongeza wala kupunguza. Ukimwambia mgeni, «Nenda njia ya kumi, nyumba iliyo karibu na msikiti,» naye akakuta nyumba tatu zimeuzunguka msikiti, atatumia akili, atauliza. Kompyuta haiulizi isipoamriwa kuuliza, wala haisiti isipoamriwa kusita. Lugha aliyoichagua kijana wetu ni Python, iliyobuniwa na Mholanzi, Guido van Rossum, na kutolewa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1991. Hupatikana bure, hufanya kazi katika kompyuta kuukuu na hata katika simu, na amri zake za kuanzia, ingawa zimekopwa katika Kiingereza, ni chache kiasi cha kuhifadhiwa kwa juma moja. Majina mengine yote ndani ya programu mwandishi huruhusiwa kuyatunga kwa lugha aipendayo. Kijana aliyatunga kwa Kiswahili, na programu yake ya kwanza ilikuwa na mistari mitatu:

kwanza = input("Nambari ya kwanza: ")
pili = input("Nambari ya pili: ")
print(kwanza + pili)

Neno input huiamuru mashine imngoje mtu aandike kitu, na neno print huiamuru ionyeshe jawabu. Aliandika 7, kisha 5, na kioo kikaonyesha 75.

Nilikuwapo. Kijana alidhani kidole chake kimeteleza, akarudia, ikatoka 75 tena. Akajaribu 2 na 2, ikatoka 22. Sababu yake, ambayo ilimchukua jioni nzima kuipata, ni hii: kwa mashine, kila kinachoandikwa kwa vidole ni maandishi kwanza, na huwa nambari baadaye tu, ikiwa imeamriwa hivyo. Ile 7 aliyoiandika ilikuwa umbo tu, kama 7 iliyochorwa ukutani mwa njia ya saba, ambayo hakuna mtu atakayeijumlisha na 5 ya njia ya tano akapata njia ya kumi na mbili. Na alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi mawili huyaunga, la pili likafuata la kwanza, kama mabehewa. Alipoibadili kuwa alama ya kutoa, mashine ilikataa kabisa, kwa maana maandishi huungwa lakini hayatoleki. Isitoshe, kitabu alichokuwa akikifuata kilikuwa cha zamani, kimeandikwa kwa toleo la pili la lugha hii, ambamo mistari ile ile mitatu ingetoa 12. Toleo la tatu, lililotoka Desemba 2008, lilibadili tabia ya neno input, na sisi tunaosoma kwa vitabu vilivyopita katika mikono mingi hatuna budi kutazama kwanza kitabu ni cha mwaka gani.

Wenye kazi hii huliita kosa la programu mdudu, istilahi iliyozitangulia kompyuta za leo, kwa kuwa Thomas Edison alikwisha kuitumia kwa kasoro za mitambo yake katika barua ya mwaka 1878. Namna ya kumtafuta mdudu huyo ndiyo elimu yenyewe, na ndiyo isiyofundishwa vya kutosha. Kijana alianza kama waanzavyo wanafunzi wote: alibadili mambo manne kwa pamoja, programu ikazidi kuharibika, asijue ni lipi lililoiharibu. Baba yake, ambaye hajapata kuandika hata amri moja ya kompyuta, alikuwa ameinama juu ya injini iliyokuwa ikikohoa, akasema bila ya kuinua kichwa: «Mwanangu, ukibadili plagi na chujio na waya kwa mara moja, gari likiwaka hutajua lilikuwa likiumwa nini. Rudisha vyote. Badili kimoja, washa, sikiliza.»

Sijapata kusoma katika kitabu chochote maelezo ya kazi hii yaliyo bora kuliko hayo. Kijana alirudisha vyote. Kisha akafanya kile ambacho kwa fundi ni kuweka sikio juu ya injini: kila baada ya mstari alitia amri ya print, pamoja na neno repr linaloonyesha kitu kama mashine inavyokishika, ili aone imeshika nini wakati ule, na hapo ndipo alipoona kwamba kile alichokiita nambari kilikuwa kimefungwa ndani ya alama za maandishi. Alijifunza pia kuisoma lawama ya mashine. Python inapokataa hutoa maneno mengi ya Kiingereza, yenye kumtisha mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya nne, baada ya Kiswahili, Kirundi na Kifaransa; kumbe mengi ya maneno hayo huonyesha tu njia iliyopitwa mpaka kulifikia kosa. Mstari wa mwisho kabisa ndio unaolitaja kosa, na iliyo juu yake kidogo hutaja ni mstari wa ngapi wa programu. Asomaye toka chini kwenda juu hupata haja yake kwa mistari mitatu. Wengi wa wanaoanza hufunga kioo kwa hofu kabla ya kuisoma hata mmoja, na nawasihi wasifanye hivyo, kwa kuwa mashine inayolalamika imekwisha kufanya nusu ya kazi ya kutafuta.

Dawa ya ile 75 ilikuwa neno moja, la kugeuza maandishi kuwa nambari kabla ya kuyajumlisha. Kwa nambari kamili neno ni int, kwa nambari zenye sehemu ni float. Na kwa kuwa mafuta ya injini huuzwa kwa lita na nusu lita, kijana akachagua la pili. 7 na 5 zikatoa 12.0, jawabu sahihi lenye mkia usiokuwa na kazi, naye akafurahi sana, akamwita baba yake aje ajaribu. Mzee alifuta mikono kwa kitambaa, akaketi, akaandika lita mbili na nusu kama alivyofundishwa shuleni tangu utotoni: 2,5. Programu ikafa pale pale.

Hapa namwomba msomaji atulie nami, kwa sababu tumefika penye kiini cha habari. Shule za Burundi zimerithi, kwa njia ya Wabelgiji, desturi ya Kifaransa, ambayo hutenga sehemu ya nambari kwa mkato. Ng'ambo ya mpaka, kuanzia Kigoma hata Dar es Salaam, na kadhalika Kenya na Uganda, desturi ni ya Kiingereza, ambayo hutenga sehemu kwa nukta, na mkato huutumia kutenga maelfu. Lugha za kompyuta, Python ikiwa mojawapo, zimefuata Kiingereza. Basi 2,5 kwa fundi ni mbili na nusu, na kwa mashine si nambari hata kidogo. Na 2,500 kwa aliyesoma Bujumbura yaweza kuwa mbili na nusu iliyopimwa kwa uangalifu, ilhali kwa karani wa Kigoma ni elfu mbili na mia tano. Tofauti ya masomo hayo mawili ya alama moja ni mara elfu. Wala Buyenzi haiwezi kuchagua upande mmoja ikapumzika, maana bandari ya Dar es Salaam ndiyo mlango mkuu wa bidhaa za nchi hii, na katika meza ya duka moja hulala ankara iliyoandikwa Kiingereza juu ya stakabadhi iliyoandikwa Kifaransa, na mwenye duka huzisoma zote mbili kwa Kiswahili.

Nimewasikia watu wakisema kwamba aliyekosea ni fundi, na kwamba yafaa afundishwe kuandika nukta. Siafiki. Mtu aliyeandika nambari sahihi, kwa kanuni aliyofundishwa na shule ya nchi yake, katika duka lake mwenyewe, hakukosea. Aliyekosea ni aliyedhania jambo bila ya kulitaja. Kijana alidhania nukta kwa kuwa kitabu chake kilidhania nukta, na kitabu kilidhania hivyo kwa kuwa mwandishi wake hakuwa na sababu ya kuifikiria Buyenzi. Mashine yenyewe haikudhania kitu. Katika makosa yote niliyomwona kijana huyu akiyatafuta, karibu yote yalikuwa ya jinsi hii: neno ambalo kila mtu aliliona dhahiri, kwa hiyo hakuna aliyeliandika.

Kijana, kwa heshima ya baba yake, hakubishana. Alitia amri ya kugeuza kila mkato kuwa nukta kabla ya nambari kusomwa:

nambari = float(maandishi.replace(",", "."))

Mstari huo husifiwa sana na wanaoanza, na kwa siku tatu kila mtu aliridhika nao. Siku ya nne ikafika ankara ya plagi kutoka Dar es Salaam, maboksi manne, kila boksi shilingi 12,500. Mzee akaandika kama ilivyoandikwa, akazidisha kwa 4, na programu, bila ya kulalamika, bila ya kusita, ikatoa 50.0. Shilingi hamsini. Alikitazama kioo kwa muda, akakisogeza kando, akachukua kalamu ya risasi. Hakusema neno, na kijana alichomwa na kimya kile kuliko ambavyo angechomwa na maneno.

Angalieni hatari ya dawa iliyotiwa bila ya kujaribiwa. Kosa la kwanza lilipiga kelele, programu ikafa, hakuna aliyedanganywa. Kosa la pili lilitoa jawabu lenye sura nzuri, na lau fundi asingalikuwa mtu mwenye kujua bei ya plagi kwa uzoefu wa miaka thelathini, jawabu lile lingaliingia daftarini. Ajabu zaidi, kijana alipojaribu 1,250,000 programu ilikataa, kwa kuwa nambari haiwezi kuwa na nukta mbili. Yaani fedha nyingi zilihifadhiwa na fedha kidogo zikapotea. Na wapo wanaoandika elfu kwa nukta, 12.500, kama Wabelgiji, ambao programu hii ingewadanganya hata kabla ya kutiwa dawa. Ndipo nilipoacha ile dhana yangu ya kwamba kosa la kikokotoo halina pa kujificha. Hujificha vizuri sana, ndani ya nambari ambazo mwandishi hakufikiria kuzijaribu.

Nilimsimulia kijana habari ya mwenziwe wa zamani. Mwaka 1642, katika mji wa Rouen nchini Ufaransa, Blaise Pascal, hajatimiza miaka ishirini, alikuwa akimwona baba yake, ofisa wa kodi, akikesha kwa hesabu zisizokwisha, akaamua kumwundia mashine ya kuhesabia yenye magurudumu ya meno. Aliandika mwenyewe kwamba alitengeneza vielelezo zaidi ya hamsini kabla ya kuridhika. Lakini lililonifanya nimtaje ni jingine. Fedha ya Ufaransa ya zama hizo haikwenda kwa kumi kumi: livre moja ilikuwa sol 20, na sol moja ilikuwa denier 12, naye Pascal, katika mashine za hesabu ya fedha, aliyachonga magurudumu ya mwisho yawe na nafasi 20 na nafasi 12. Hakumwambia baba yake abadili fedha ya ufalme ili ilingane na mashine. Mashine ndiyo iliyoumbwa kwa mfano wa hesabu ya mwenyewe. Lugha moja ya kompyuta, iliyotungwa na Mswisi Niklaus Wirth mwaka 1970, imepewa jina la Pascal kwa taadhima.

Dawa ya tatu ndiyo iliyokaa. Kijana aliiamuru programu iondoe kwanza nafasi tupu zilizo kati ya tarakimu, maana wapo waandikao 12 500, kisha ikikuta mkato mmoja au nukta moja iliyofuatwa na tarakimu tatu kamili, isikisie, bali imwulize mtu kwa maneno: «Je, ni elfu 12 na 500, au ni 12 na nusu?» Ikikuta tarakimu moja au mbili baada ya alama, ichukue kuwa ni sehemu, ikikuta alama ya namna moja imerudiwa mara mbili, ichukue kuwa ni maelfu. Amri hizo zilihitaji mistari kumi na mmoja, mingi kuliko kikokotoo chote cha mwanzo. Rafiki zake walimwambia ameharibu uzuri wa programu kwa maswali. Mimi naona hapo ndipo ilipoanza kuwa programu ya watu.

Na kuanzia siku hiyo alifungua daftari, daftari la karatasi, akaandika upande mmoja kila namna ya nambari aliyowahi kumwona mtu wa mtaani akiiandika, na upande wa pili jawabu linalotazamiwa: 2,5 na 2.5, 12,500 na 12.500 na 12 500, nambari yenye alama ya kutoa mbele yake, na mahali patupu pasipoandikwa kitu. Aliitia hata é, na jambo hili ni la nchi zetu za Kifaransa: katika kinanda cha kompyuta cha Kifaransa, tarakimu za safu ya juu hazitoki mpaka ushikilie ufunguo wa herufi kubwa, na asiyeushika akibonyeza 2 hupata é, akibonyeza 5 hupata mabano. Kila alipobadili mstari mmoja, aliipitisha programu katika daftari lote toka mwanzo, hata yale yaliyokwisha kufaulu jana. Kazi hii huchosha, nami sikuona nyingine iliyomwendeleza zaidi.

Makosa mengine yalipita upesi. Alama moja ya = huweka kitu mahali pake, na mbili, ==, huuliza kama vitu viwili ni sawa, na kila anayeanza huzichanganya; mistari inayotii sharti fulani ni lazima isogezwe ndani kwa kipimo kimoja, kama beti za shairi, la sivyo mashine hukataa. Hayo aghalabu hutajwa na mashine yenyewe, na hurekebishwa kwa dakika.

Kugawanya kwa sifuri kunastahili neno zaidi. Sifuri tumeipokea toka Kiarabu, na maana yake ya asili ni utupu. Aliyeieneza hesabu ya tarakimu za Kihindi, sifuri ikiwa mojawapo, miongoni mwa Waarabu, na baada yao Wazungu, ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad katika karne ya 9 wakati wa Khalifa al-Ma'mun, na jina lake, lililopotoshwa katika Kilatini, ndilo lililozaa neno algorithimu, yaani mpango wa hatua kwa hatua ambao kila programu ni mfano wake. Kijana alipoandika 12 kugawanywa kwa 0, mashine ilikatika, naye akataka kuiamuru itoe 0 ili isikatike. Baba yake, safari hii akiwa amesimama nyuma yake, aliuliza: «Maembe kumi na mawili, watu hakuna, kila mtu atapata mangapi?» Akanyamaza, kisha akajibu mwenyewe: «Hakuna mtu wa kupata.» Programu sasa husema, «Haigawanyiki,» na kumngoja mtu aandike nambari nyingine.

Huyo al-Khwarizmi, katika kitabu chake cha aljebra, aliweka sehemu nzima kwa ajili ya wasia na mirathi, kwa kuwa thumni, sudusi na thuluthi za warithi ndizo zilizowatia watu wa zama zile katika haja ya hesabu kubwa. Haja hiyo ingalipo Buyenzi, na kikokotoo cha nukta hakiitoshelezi: thuluthi, ikiandikwa kwa nukta, ni 0.333 isiyokwisha, na mahali popote utakapoikata umemdhulumu mrithi kitu, hata kikiwa kidogo. Python inayo namna ya kuhifadhi sehemu kama sehemu, moja juu ya tatu, bila ya kukata, na ningependa siku moja kijana wa madrasa aichukue kazi hiyo.

Kukata huko kuna hatari ambayo wengi hawaitambui. Kiulize kikokotoo cha Python 0.1 kujumlisha 0.2, nacho kitakuambia 0.30000000000000004. Si kosa la mwandishi. Mashine huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na katika hesabu hiyo sehemu ya kumi haikwishi, kama thuluthi isivyokwisha katika hesabu yetu. Huko Dhahran, Saudi Arabia, tarehe 25 Februari 1991, mtambo wa kuzuia makombora uliokuwa ukihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde ulikuwa umewashwa kwa saa takriban 100. Upungufu mdogo wa kila sehemu ulijilimbikiza ukafika thuluthi ya sekunde, kombora likakosewa, na askari 28 wa Kimarekani wakafa. Kijana niliyemweleza habari hii alibadili programu siku hiyo hiyo: faranga huhesabiwa kwa nambari kamili, na mafuta kwa mililita, nukta ikatiwa tu wakati wa kuonyesha jawabu.

Kikokotoo hicho sasa kina mistari tisini na kitu, na mzee hukitumia kila jioni anapofunga duka, ingawa kalamu ya risasi ingali karibu yake. Nina ombi kwa wote wanaoandika programu kwa ajili ya masoko yetu, wawe Bujumbura, Uvira, Kigoma au ng'ambo. Kabla hamjampa mtu yeyote kazi yenu, mpeni kwanza mama wa Ruvumera au fundi wa Buyenzi aandike bei ya kitu kwa mkono wake mwenyewe, msimwonye lolote, msimwambie atumie mkato au nukta, nanyi mtazame jawabu litakalotoka.